Pumzi Iliyobaki Mfukoni

Mfuko wa zumari haulali umejaa. Hilo analijua kila mpiga zumari, hata yule wa kubahatisha. Ukimaliza kupiga unaukamua kwa kiwiko mpaka utoe ule mlio wa mwisho wa kunung'unika ambao watoto huucheka, kisha unaukunja na kuulaza sandukuni ukiwa umesinyaa kama soksi. Volkmar alikuwa akifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili ya Pentekoste, mkewe Gesine alipofungua sanduku kutafuta utomvu mkavu wa kupaka gurudumu la kinanda chake, akaukuta mfuko umetuna na ngozi ya mbuzi imekaza, alibaki ameshika kifuniko akiutazama.

Akaubonyeza kwa kidole. Ulikuwa na joto.

Alimuuliza Volkmar, aliyekuwa nje ya hema akipiga mswaki, kama jana aliukamua. Volkmar akajibu huku povu likimtoka kwamba aliukamua, kwamba huukamua kila siku ya Mungu, na kwamba yeye si mwanafunzi wa kuulizwa maswali hayo. Basi Gesine akaukamua mwenyewe. Hewa iliyotoka ilinuka udongo uliochimbwa jana na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akaziba pua. Akajiambia ni joto la hema, akajiambia ni ile asali wanayoipaka ngozi kwa ndani isikauke, pengine imechacha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Walikuwa watatu hao. Gesine alipiga kinanda cha gurudumu, kile chenye nyuzi zinazosuguliwa na gurudumu la mbao huku mpigaji akizungusha mpini. Volkmar zumari ya mfuko, ile inayojazwa hewa kwa mrija wa mdomoni kisha ikalizwa kwa kuubana mfuko kwapani. Jost, binamu yake Volkmar, mtu mnene mwenye maneno kuliko vijiti vya ngoma yake, alipiga ngoma. Kuanzia Pasaka mpaka majani yaanze kupukutika walizunguka kwenye magulio ya kale, viwanja vya chini ya ngome vinakojaa watu kila mwisho wa juma, watu wamevaa kama mababu wa mababu zao, wahunzi wanafua vyuma, pombe ya asali inamiminwa kwenye pembe za ng'ombe, na wao watatu, ndani ya sufu nzito kwenye jua kali, wanapiga nyimbo za miaka mia sita iliyopita kwa watu waliokuja kula soseji.

Na watu wa magulioni si wabaya, tusiwasingizie. Wanasimama kidogo, wanachezesha mguu, wanapiga makofi, wanaondoka. Lakini Volkmar alizisomea nyimbo zile miaka minane. Alikuwa akinawa mikono kabla ya kugusa vitabu vyenyewe. Halafu aje mtu ana haradali kwenye ndevu amwombe ule wimbo wa mpira. Ilimuuma, na kila alipolalamika Jost alimwambia, "Wewe ushukuru wanasimama. Ng'ombe wa pale malishoni hata hawageuki."

Ndiyo maana alipotokea mtu mmoja wa kusikiliza kweli, Volkmar aliingia mzimamzima.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi, jua bado liko juu kama lilivyo huko mwezi huo. Umati wote ulikuwa umekimbilia kutazama wapanda farasi wakipigana mikuki, na mbele ya jukwaa kumebaki marobota matupu ya majani makavu. Volkmar akasema basi, leo tunapiga tunachotaka sisi, akaanza wimbo alioupata ndani ya jalada la kitabu cha sala, kwenye ukanda wa ngozi uliogandishwa kwa gundi. Hakuwa amewahi kuupiga mbele ya watu. Alipomaliza, palikuwa na mtu mmoja amesimama.

Alikuwa mrefu, amevaa kanzu ya kitani isiyotiwa rangi, inaishia kwenye muundi. Hakuwa na viatu. Katikati ya vidole vya miguu yake palikuwa na tope, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Mahali pengine popote duniani mtu wa namna hiyo angewatia watu wasiwasi. Pale gulioni nusu ya watu wamevaa hivyo, na aliyepatia zaidi husifiwa. Jost alimsifu kweli. Alisema, "Ndugu, nipe jina la fundi wako wa nguo. Hata harufu ameipatia."

Mtu yule alimgeukia Volkmar. Alimwambia Volkmar kwamba sauti ya tatu ameipandisha, na kwamba haipandi, inashuka. Akaiimba kwa kufumba mdomo. Volkmar akasisimka mwili mzima, kwa maana ukanda wa ngozi ulikuwa umetoboka hasa hapo, na miezi mitatu alikuwa akikisia.

"Umeijulia wapi hiyo?" aliuliza.

"Tulikuwa tukiupiga," yule mtu alisema. "Mbele ya jeneza."

Volkmar akacheka. Wapo watu wa magulioni ambao wakishavaa kanzu hawatoki tena kwenye mchezo, ukiwauliza saa watakuonyesha jua. Akamwona ni mmoja wao, na mjuzi kuliko wote. Kwa hiyo mgeni alipoomba kupuliza kidogo, Volkmar alimpa. Ni desturi yao, huwapa watu wajaribu, na kwa kawaida mtu huwa mwekundu, hutoa mlio wa bata, watu wakacheka, mambo yakaisha. Huyu aliweka mrija mdomoni akapuliza pumzi moja. Gesine alikuwa akikaza nyuzi zake na bila kukusudia akawa anahesabu. Alifika thelathini na mtu yule bado anatoa. Hakupiga wimbo wowote. Aliurudisha mfuko umejaa pomoni.

"Nimekuachia," alisema.

Na Volkmar, kwa madaha yale ya jukwaani, akavua kofia yake ya manyoya, akainama mpaka chini, akasema, "Asante sana, bwana wangu."

Gesine aliyakumbuka maneno hayo Jumapili saa saba mchana, wakati walipopanda jukwaani kiwanja kimefurika, na akatamani angeyarudisha.

Walianza vizuri. Wimbo wa kwanza wa kucheza, watu wakachezesha miguu. Katikati ya wa pili, zumari iliuacha ikaingia ule wa jeneza. Gesine akageuza shingo kumkaripia kwa macho, akaona mrija wa kupulizia unaning'inia kifuani mwa Volkmar. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Zumari ilikuwa inalia, na sauti ya tatu ilishuka.

Alidhani ni utundu wake. Kisha Volkmar alitoa kiwiko ili akatishe mlio, zumari ikanyamaza, na mdomo wake ukafunguka ukabaki wazi. Kifua hakikupanda. Macho yakamtoka, mikono ikapapasa hewani, mashavu yakageuka rangi ya majivu, na huku chini watu wanacheka wakidhani ni vichekesho. Kiwiko chake chenyewe kilirudi kwenye mfuko kwa kutapatapa tu. Zumari ikalia. Volkmar akavuta hewa kwa mkoromo uliosikika mpaka nyuma.

Tangu hapo hakuweza kuacha. Alipobonyeza alipumua, alipoacha pumzi ilikata. Jost aliendelea kupiga ngoma kwa sababu hakujua afanye nini kingine, Gesine aliendelea kuzungusha mpini machozi yakimtoka, na watu wakaongezeka, wakainua simu zao, wakaitana waje wamwone mtu anayepiga zumari bila kupuliza, wakakaa kwenye marobota na soseji zao na watoto wao wenye panga za mbao, wakashangilia kila alipoyumba, wakampigia makofi kila alipozinduka, ikafika saa nane, ikafika saa tisa, sufu imemgandamana mwilini kwa jasho na midomo imegeuka zambarau, na ile harufu ya udongo na mshumaa ikawa imeshuka jukwaani mpaka mbwa mmoja wa mbele akaanza kulia na mwenyewe akambeba akaondoka naye.

Gesine alimwita mama wa huduma ya kwanza. Mama yule alimbana Volkmar kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, akasoma tisini na nane, akasema huyu mzima kuliko mimi, aache kupiga anywe maji. Wakamtoa mkono kwenye mfuko. Namba ikaanza kushuka. Wakamvalisha barakoa ya oksijeni, wakafungua mtungi mpaka mwisho, namba ikashuka vilevile, themanini, sabini, sitini, na mama yule akawa anagonga kifaa kwa ukucha akidhani kimeharibika. Gesine ndiye aliyeukamata mkono wa mumewe akaurudisha kwapani kwa nguvu. Tisini na nane.

Mama wa huduma ya kwanza akaita gari la wagonjwa. Akasema barabara zimejaa wasafiri wa Pentekoste, litachukua kama dakika arobaini, na litasubiri ng'ambo ya daraja kwa sababu gulioni halipiti. Gesine aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaona kitakachotokea. Watamlaza Volkmar kitandani, watamtoa zumari mikononi kwa upole, na atafia mbele ya mashine zao zote. Mume wake, aliyekuwa akimpasha moto mikono kabla ya kila onyesho kwa kuipulizia.

"Gesine," Jost alimnong'oneza, "niende kwa Bi Alwine?"

Ujue Jost haamini chochote, hata utabiri wa hali ya hewa. Gesine akamwambia kimbia.

Bi Alwine alikuwa akikaanga chapati za viazi karibu na lango. Upande ule wa nchi watu humpelekea kimyakimya magonjwa ya ngozi, mkanda wa jeshi, sugu na majipu, naye hunong'ona maneno, akapuliza, yakaondoka. Hachukui malipo wala hashukuriwi. Hilo watoto hufundishwa mapema, kwamba aliyekunong'onea ugonjwa ukimwambia asante, ugonjwa unarudi. Alikuja amevaa aproni yenye mafuta, ana hasira ya kuacha kikaango chake, akasimama nyuma ya jukwaa akinusa. Alimsikiliza Gesine mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mlimshukuru?"

"Volkmar alimshukuru."

"Mbele za watu?"

"Mimi na Jost tulikuwapo."

Bi Alwine akashusha pumzi. "Wale hawawezi kukupa kitu kwa nguvu, mwanangu. Mpaka useme asante. Ukishukuru umepokea. Amemwachia pumzi yake ya kaburini na ya mumeo ameisukuma chini kabisa ya mfuko."

Alieleza haraka, kwa sauti ya chini, huku zumari ikilia juu yao. Ndani ya mrija wa kupulizia kuna kilimi cha ngozi kinachoruhusu hewa iingie na kuizuia isirudi. Kikatwe. Volkmar apige wimbo wa jeneza mpaka mwisho wake, bila kupuliza, mpaka mfuko uishe. Pumzi ya mgeni iko juu, itatoka na mlio. Ya Volkmar iko chini, itakuja mwisho, na hiyo aivute yeye mwenyewe kwa mdomo kupitia mrija. Kisha waondoke, wavuke daraja, mfuko wautupe mtoni.

"Na mpaka mvuke," alisema, "hakuna kushukuru. Si mimi, si watu, si ninyi kwa ninyi, hata Mungu mwache kwanza. Hata mtu akikuokotea kitambaa. Nanyi najua kazi yenu, asante mnazimwaga kama maji."

Jost akasema kwamba yeye akinyamaza dakika kumi utakuwa muujiza wa pili wa siku hiyo. 

Gesine alipanda jukwaani na kisu kidogo cha kukatia nyuzi. Alimweleza Volkmar sikioni, naye akafumba macho kuonyesha ameelewa. Gesine akauchomoa mrija wa kupulizia, akaingiza ncha ya kisu, akakikata kilimi, akaurudisha. Kisha akaketi na kinanda chake mapajani akaanza kuzungusha mpini, kwa sababu aliona hawezi kumwacha apige wimbo ule peke yake.

Waliupiga polepole. Na jambo la ajabu ni kwamba watu walinyamaza. Miaka ishirini na miwili Gesine hakuwahi kuona gulio limenyamaza, lakini siku hiyo wahunzi waliweka nyundo chini, soseji zikapoa mikononi, watoto wakasimama na panga zao zimeinama, na harufu ile ikamwagika kutoka kwenye mirija ikapita juu ya vichwa vya watu kwenye jua kali, baridi, mpaka wanawake wakajifunika mitandio bila kujua kwa nini, na kila mlio ulivyotoka mfuko ulizidi kulegea na uso wa Volkmar ulizidi kuwa mweusi, na Gesine akawa anazungusha mpini huku anasema moyoni bado, bado, usivute bado, mpaka mrija mrefu wa begani, ule wa sauti nzito, ukanguruma mara ya mwisho ukakatika, na mfuko ukalala bapa ubavuni mwake.

Volkmar akaweka mrija wa kupulizia mdomoni, akavuta.

Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena chenyewe, mikono yake ikiwa imening'inia tu.

Makofi yalishuka kama mvua kwenye mabati. Hivyo ndivyo Volkmar alivyokuwa akiyataka makofi maisha yake yote, na Gesine aliona kichwa chake kinaanza kuinama chenyewe na mdomo unafunguka. Akaruka akamziba kwa kiganja. Wakashuka jukwaani bila kuinama wala kupunga mkono. Makofi yakapungua. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba wanaringa. Msichana mdogo akampa Gesine ua la manjano la porini, akasimama akingoja, na Gesine akalipokea akapita huku amejiuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Nyuma yake alimsikia mama wa mtoto akisema watu wazima hawana adabu.

Jost alitangulia amemshika Volkmar mkono. Gesine alifuata akivuta mkokoteni wenye kinanda na ngoma, na sanduku la zumari juu yake. Walipita kibanda cha Bi Alwine, naye alikuwa akigeuza chapati, hakuinua hata macho. Mbele ilikuwa kamba ya lango, baada ya kamba hatua arobaini, kisha daraja. Ng'ambo taa za gari la wagonjwa zilikuwa zinawakawaka. Gesine alikuwa anatazama mgongo wa mumewe tu, jinsi sufu ilivyokuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Alitaka kulia kwa furaha. Volkmar na Jost wakainama wakapita chini ya kamba, wakakanyaga mbao za daraja.

Penye kamba mkokoteni ukakwama. Gurudumu liliingia kwenye ufa, na nyuma watu walikuwa wanasukumana kutoka. Gesine akavuta, ukakataa, akavuta tena. Mtu mmoja wa nyuma yake akalinyanyua gurudumu taratibu, na kwa mkono mwingine akaiinua kamba juu ili apite.

"Asante," Gesine alisema, macho yake yakiwa darajani.

Alilisema kama alivyolisema mara hamsini kwa siku kwa miaka ishirini na miwili, na lilikuwa limeshatoka aliposikia ile harufu. Akashusha macho. Aliona pindo la kitani, na chini yake vidole vya miguu vyenye tope.

"Karibu," mgeni alisema, akaiachia kamba.

Volkmar alikuwa ameshavuka. Alisimama ng'ambo, mikono kiunoni, anajaza kifua na kukimwaga kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Aligeuka. Uso wake ulikuwa na rangi tena.

"Gesine!" aliita, sauti yake nzima, nzuri, imejaa. "Nimevuka sasa, naruhusiwa. Asante, mke wangu. Unasikia? Asante!"

Gesine alifungua mdomo amjibu. Hapakutoka kitu, na hapakuingia kitu. Watu walimpita kushoto na kulia, wengine wakimsukuma kwa mabega. Kwenye mkokoteni, ndani ya sanduku, ngozi ilikuwa inakaza polepole, na kifuniko kilianza kuinuka.

Ng'ambo Volkmar alikuwa bado anatabasamu, akimngoja ajibu. Gesine alifungua sanduku, akautoa mfuko, akauweka kwapani, akabonyeza.